Karata na Hesabu ya Nafsi

Msomaji wetu mmoja, mwanamke kijana afanyaye kazi Nairobi, ametuletea suali ambalo hatukuona kuwa lafaa kujibiwa kwa neno moja. Asema kwamba kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, huchomoa karata moja katika karata za taroti, akaitazama picha yake, akasoma maana yake, kisha akaifikiri siku yake kwa mujibu wa picha ile. Asema: "Mimi siamini kwamba karata yajua ghaibu, wala simwendei mtu kunitazamia. Naitumia kama kioo cha kujitazama nafsi yangu. Je, pana ubaya gani?"

Suali hili lataka insafu. Wengi wetu tukilisikia tutakimbilia kusema "haramu" na kuufunga mlango. Lakini aliyeuliza hakuuliza ili atukanwe. Ameuliza kwa kuwa moyo wake haujatulia. Tena kuitazama nafsi ni jambo jema, na walifanyao ni wachache. Basi yatupasa kwanza tujue karata hizo ni kitu gani, kisha tukipime hicho kioo kama chaonyesha kweli.

Karata za taroti ni 78. Zilizuka kaskazini ya Italia karibu na mwaka wa 1440, nazo zilikuwa za mchezo, kama watu wachezavyo karata barazani. Karata za kawaida, zilizotangulia hizo, zilifika Ulaya kutoka nchi za Kiislamu. Na karata za Misri ya zama za Mamluki, zenye panga, vikombe, dirhamu na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi, zimehifadhiwa hata leo katika jumba la Topkapi, Istanbul. Kwa muda wa karne tatu na zaidi kazi kubwa ya taroti ilikuwa mchezo. Kisha mwaka wa 1781, huko Paris, mtu aitwaye Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba picha hizo ni mabaki ya elimu ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuleta. Na angeutoa wapi, hali maandishi ya Misri ya kale hayakusomeka mpaka Champollion alipoyafumbua mwaka wa 1822? Ama picha zitumikazo sana leo, hizo zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka wa 1909. Basi hiyo iitwayo hekima ya kale ni dai jipya lililovikwa kanzu kuukuu.

Msomaji wetu aweza kutujibu: "Asili yake hainihusu mimi. Hata kioo cha bei rahisi chaonyesha uso." Maneno haya yana haki ya kusikizwa. Lakini kioo ni kile kionyeshacho kipaku kilicho usoni mwako wewe, si kile kimwambiacho kila apitaye kwamba ana uso. Mwaka wa 1948 mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za sifa, kila mmoja akidhani kuwa zake zimeandikwa kwa ajili yake peke yake. Akawataka wazipe alama, kutoka 0 hadi 5, kwa kadiri zilivyowaelekea. Wastani ulipita 4. Ndipo akawafichulia kuwa karatasi zote zilikuwa sawa, neno kwa neno, na mengi ya maneno yake aliyatoa katika kitabu cha nyota. Maneno yaliyoshonwa kama kanzu pana humkaa kila mtu. Na mwenye kuyavaa hudhani fundi alimpima.

Na katika barua yake msomaji wetu ametaja jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha mas-ala. Alikuwa amekosana na mama yake aliyeko Malindi, na kosa, kwa kauli yake mwenyewe, lilikuwa lake. Asubuhi aliyokusudia kumpigia simu kumtaka radhi, ilimtokea karata ya Mtawa: mzee aliyesimama peke yake, na taa mkononi. Akasoma kwamba maana yake ni kujitenga na kutafuta nuru ya ndani. Basi akaona siku ile ni ya kunyamaza. Simu hakuipiga, na kufikia alipotuandikia ilikuwa imepita miezi miwili.

Hebu na tuulize: ni nani aliyenena asubuhi ile? Karata haikunena, kwani ni karatasi. Aliyenena ni nafsi yake, iliyokuwa ikiona uzito wa kuomba radhi, nayo ikapata mahali pa kujificha. Lau ingalitokea karata nyingine, nafsi hiyo hiyo ingalipata tafsiri nyingine ya kuiridhisha. Huyu ni kadhi ampaye haki kila aingiaye mahakamani, na kadhi wa namna hii hata mwizi humpenda. Mishale ya azlam, ambayo Kur'ani imeikataza katika Surat al-Maida, ilikuwa ikichomolewa na Waarabu wa Jahiliya kabla ya safari au ndoa; nayo, juu ya upotofu wake, mmoja ulimwambia mtu "fanya" na mwingine "usifanye". Karata hii hata katazo la wazi haina.

Wala tusimcheke binti huyu. Miongoni mwetu wako wamwendeao mpiga ramli usiku kwa mlango wa nyuma, na asubuhi wakaketi safu ya mbele. Wako wasiofungua duka illa wametazamiwa nyota. Na wako wafanyao lililo zito zaidi: huufungua Msahafu popote utakapofunguka, wakatia kidole juu ya aya, wakaifanya fali. Hao wamekigeuza Kitabu kilichoteremshwa kiwaamrishe na kuwakataza, wakakifanya karata. Aya ya kuwatendea wema wazazi yatulazimu siku tuliyoifungua na siku tusiyoifungua. Haingoji kidole chetu.

Basi afanye nini mwenye kutaka kuitazama nafsi yake kila siku? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, ameifananisha nafsi na mshirika katika biashara: asubuhi wamshartia, mchana wamchunga, na jioni mwakaa kuhesabiana. Jambo hili halitaki karata wala gharama. Lataka maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo. Nina deni la nani? Nimemsengenya nani? Nimempigia mama yangu, au sikumpigia? Maswali haya ni machungu kwa kuwa hayana tafsiri. Karata humwuliza mtu: leo utakutana na nini? Muhasaba humwuliza: umefanya nini? La kwanza lamfanya mgeni katika maisha yake mwenyewe, akingoja ya kumjia. La pili lamrudishia amana yake mkononi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Hatumwiti msomaji wetu mshirikina, kwani amesema kuwa haamini ghaibu ya karata, nasi hatukupewa kupasua vifua vya watu. Lakini twamnasihi aiache, kwa kuwa mlango huu ni ule ule walioingilia waaminio, na kwa kuwa hata faida aliyoitarajia haimo. Dakika zile za asubuhi asiziache. Azitumie kuandika jambo moja alilokusudia kulitenda siku ile, na usiku alitazame kama amelitenda.

Na la kesho tumwandikie sisi: ampigie mama yake.

Wa billahi taufiq.