Hakuuma kwa Njaa

Tafakari ya juma
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Yohana 21:1–17



Jumamosi iliyopita niliondoka Bowling Green, hapa Kentucky, kungali giza, pamoja na mzee wetu mmoja wa kanisa, tukaelekea magharibi hadi Kentucky Lake. Mzee huyu ni mtoto wa mji wa Baraka, Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu ujana wake alivua ndagala kwa taa, usiku usio na mwezi. Vita vikamvusha ziwa, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, na sasa mikono ile iliyovuta nyavu inafunga masanduku ghalani, zamu ya usiku. Tangu aingie Marekani hakuwa amekanyaga ufuko wa ziwa lolote. Tulikata leseni, tukanunua chambo, tukatafuta mahali pa kusimama.

Aprili huku ni mwezi wa krapi. Ni samaki bapa, rangi ya fedha yenye madoa meusi, na kwa umbo hayuko mbali sana na perege wetu. Miezi ya baridi hukaa kilindini. Maji yakipata joto, nyuzi 16 hadi 20 hivi za Selsiasi, wakati ambapo miti ya dogwudi inatoa maua meupe msituni, hupanda hadi kwenye kina cha mita moja au mbili ili kutaga. Ndiyo maana majira haya ghuba zote zinajaa boti. Samaki ambaye mwezi wa Januari ungemsaka kwa vyombo na utaalamu, Aprili mtoto wa darasa la tatu anamvua akiwa amesimama ukingoni.

Dume ndiye anayetangulia. Huchagua mahali karibu na kisiki au matawi yaliyozama, akapafagia kwa mapezi yake mpaka pakawa kiota. Jike huja, akataga mayai maelfu kwa maelfu, kisha akarudi kwenye maji marefu. Dume habanduki. Mwili wake hugeuka mweusi, hasa kichwa na kifua. Huyapepea mayai, na kila kinachosogea karibu hukikabili. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi tano, kutegemea joto la maji, na hata hapo baba huyo huendelea kulinda siku kadhaa mpaka vifaranga watawanyike.

Mzee alitunga kisamaki hai kwenye ndoano, akakitupa kando ya kisiki, kiboya kikasimama juu ya maji. Hazikupita dakika mbili kiboya kikalala ubavu. Nami kwa pupa nikasema, "Vuta, Mzee!" Hakuvuta. Aliinua ufito polepole, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala kifuani mwake. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeshapoteza wawili kwa sababu ya kukwanyua. Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi. Ukiuvuta kwa nguvu unachanika, na samaki anakwenda na jeraha lake.

Akatoka dume, kichwa cheusi kama sufuria ya kuni. Tukampima: inchi 12. Ziwa lile sheria yake ni angalau inchi 10, na mtu mmoja asizidishe samaki 20 kwa siku. Kwa hiyo alikuwa halali yetu kabisa. Mzee alilowesha mkono kwanza, utando wa samaki usitoke, akamshika, akaniuliza mbona huyu ni mweusi kuliko wale wengine. Nikamweleza habari za kiota. Akanyamaza kidogo. Kisha akachutama, akamwachia majini pale pale kando ya kisiki.

"Baba Mchungaji," akasema, "huyu hakuuma kwa njaa. Ameuma kwa sababu ya watoto."

Nisieleweke vibaya. Kuvua krapi majira haya si dhambi. Ni samaki anayezaa kwa wingi mno, na wataalamu wake husema kwamba kuongezeka na kupungua kwake hutegemea zaidi hali ya maji na hewa kuliko idadi ya wazazi. Tulirudi nyumbani na samaki tisa, mama akawakaanga, tukala na ugali tukimshukuru Mungu. Lakini neno la mzee limenifuata juma zima, na limenirudisha kwenye sheria moja fupi ya Musa ambayo tunaipita haraka tukisoma.

Sheria hiyo inasema hivi: ukikuta njiani kiota cha ndege, na mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto wake. Watoto unaweza kuwachukua. Mama mwache aende. Tazameni jinsi Mungu anavyolipima jambo hili. Hakumnyima mwenye njaa chakula. Alimwekea mpaka mtu mwenye nguvu, saa ile ambapo mawindo hayawezi kukimbia. Ndege yule angeweza kuruka akajiokoa. Kilichomfanya ashikike kwa mkono mtupu ni upendo wake kwa walio chini ya mabawa yake. Mungu anasema: upendo wa kiumbe usiugeuze kuwa mtego wake. Na ahadi aliyoifunga kwenye sheria hii, kufanikiwa na kuzidishiwa siku, ndiyo aliyoifunga kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Kiota cha ndege na heshima ya wazazi vimepewa thawabu moja.

Wapendwa, kuna majira ambapo kila mmoja wetu hupanda kwenye maji mafupi. Mama aliyejifungua juzi yuko kwenye maji mafupi. Aliyefiwa yuko huko. Familia iliyoteremka uwanja wa ndege wiki tatu zilizopita, na watoto watano, na mabegi, na deni la nauli ya ndege linalosubiri kulipwa, iko huko. Msaada wa mwanzo ni wa siku za kuhesabika. Zikiisha, kodi ya nyumba haiulizi kama umeshajifunza Kiingereza. Mtu wa namna hiyo anashikika kirahisi. Atasaini karatasi asiyoielewa kwa sababu watoto wanahitaji pa kulala. Atalipa gari bovu bei ya gari zima kwa sababu kazi iko mbali. Anauma chambo chochote, wala si kwa tamaa. Analinda kiota.

Na linaloniuma ni kwamba wanaomtupia ndoano mara nyingine ni sisi wenyewe, tunaozungumza lugha yake. Nimeketi na mama mmoja aliyetozwa dola 200 na ndugu yake wa imani ili ajaziwe fomu ambayo hutolewa na kujazwa bure. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilifikiri ndiyo desturi ya huku." Nilitoka pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Yule aliyemtoza alijua fika kwamba mama huyu hana pa kukimbilia, na kwa sababu hiyo hiyo akapandisha bei. Ndicho Mungu alichokikataza penye kiota.

Iko pia sehemu ya pili, nayo inanihusu mimi. Mwezi uliopita baba mmoja wa kanisa alinijibu vibaya mbele ya watu, nilipomuuliza mbona haonekani kwaya. Nilikasirika, nikamwandika moyoni kuwa mtu mkali, asiyetii. Baadaye ndipo nilipojua: anafanya zamu mbili, mtoto wake amelazwa mara tatu tangu Krismasi, na hakuna aliyekwenda kumwona. Swali langu lilimfikia kama kivuli kinachopita juu ya kiota. Aliuma. Nami nikahesabu meno yake, nisiangalie kilichokuwa nyuma yake. Nimeshakwenda kumwomba radhi. Nawaombeni nanyi, mtu akiwajibu kwa ukali juma hili, kabla ya kumhukumu jiulizeni kwanza: analinda nini?

Sasa twendeni kando ya bahari ya Tiberia. Petro na wenzake wamekesha usiku kucha bila kupata kitu. Yohana anaandika kwamba walikuwa karibu na nchi kavu, kama mikono 200, ambayo haizidi mita 100. Ni karibu kiasi kwamba aliyesimama ufukoni anasikika, na Petro anajitupa majini amfuate. Yeye pia alikuwa amepanda kwenye maji mafupi. Hana cha kujifichia. Usiku ule wa kukamatwa Bwana wake, akiota moto wa makaa, alimkana mara tatu. Na anapofika ufukoni anakuta nini? Moto wa makaa.

Mtu mwingine angemkwanyua pale pale. Angemtaja jogoo. Angemwuliza mbele ya wenzake: unakumbuka ulichosema? Na mdomo ule uliokana ungechanika kabisa, Petro akarudi kilindini na jeraha lake, tusimwone tena. Yesu kwanza akampa mkate na samaki. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza habari za upendo, mara tatu, polepole, mara moja kwa kila kukana. Petro alihuzunika, maana ndoano ni ndoano, lakini hakuchanika. Na kila alipojibu, alikabidhiwa wana-kondoo na kondoo awalishe. Aliyevuliwa kwa mkono mwororo akapewa kiota cha kulinda.

Hicho ndicho kipimo cha kanisa letu. Bwana alituita tuwe wavuvi wa watu, lakini alituonyesha pia namna ya kuinua ufito. Watu watakuja karibu nasi hasa wakati ambapo hawawezi kujitetea: wakati wa msiba, wa uzazi, wa deni, wa ugeni. Ukaribu huo tusiuone kuwa nafasi ya kuwavuta tunavyotaka. Ni amana.

Juma hili naomba tufanye jambo moja. Kila nyumba imtafute mtu mmoja aliye kwenye maji mafupi, imfanyie kazi moja bila malipo wala masharti: kumsomea barua, kumpeleka hospitali, kumshikia mtoto saa mbili alale. Na kama kuna aliyemtoza mgeni kwa kitu cha bure, amrudishie fedha yake kabla ya Jumapili. Si lazima nijue mimi, Mungu ataona.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyemngoja Petro ufukoni ukiwa na chakula, utulize mikono yetu. Walioletwa karibu nasi na shida zao wasijutie ukaribu huo. Tufundishe kuona kiota kabla ya kunyoosha mkono, na kuachia hata kile ambacho ni halali yetu, pale huruma inapotuambia tuachie. Uwaangalie akina baba na akina mama wanaolinda watoto wao usiku huu, katika zamu, hospitalini, na kambini. Amina.