Makofi na Wajibu

Msomaji, je, wajibu wa mtazamaji huisha mchezo unapokwisha? Mwaka 1977 watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika jukwaa walilojijengea. Waliotazama waliyaona maisha yao wenyewe: Kĩgũũnda, kibarua, aweka rehani kishamba chake apate fedha za harusi ya kanisani, nacho kikampotea. Serikali iliukataza mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Mwaka 2022 mchezo huo ulionyeshwa tena, katika jumba la taifa la michezo ya kuigiza, Nairobi. Mtazamaji wa leo aweza kucheka mahali ambapo wa jana aliinamisha kichwa. Je, ni kosa? Hasha, kicheko nacho huweza kufungua moyo uliokomewa. Lakini amchekaye Kĩgũũnda jioni, na asubuhi akampunja kibarua wake ujira, amelipia kiti tu, mchezo hakuuona. Apigaye makofi amekiri kwamba aliyoonyeshwa ni kweli, na akiriye deni hana budi kulilipa.