Daftari la Pointi

Katika timu yetu ya mpira wa kikapu nilikuwa mchezaji wa akiba na mshika daftari. Shule yetu ilikuwa wilayani Ngara, uwanja wa vumbi. Siku moja tulipanda lori, tukapita Lusahunga hadi Biharamulo, tukacheza na kushinda kwa pointi mbili. Mwalimu wa michezo alikuwa ameahidi jozi ya raba kwa mchezaji aliyeisaidia timu kuliko wote. Jioni akaniuliza, "Daftari linasemaje?"

Nikasoma. Mfungaji wetu, pointi 18. Yule mrefu wa chini ya goli, pointi 2. Raba zikaenda kwa mfungaji. Aliyetilia shaka ni yeye mwenyewe. Tukiwa njiani kurudi alininong'oneza, "Aisee, hizi raba ni za mwenzetu."

Alijua jambo ambalo daftari halikulijua. Yule mrefu ndiye aliyewazibia njia walinzi ili yeye apate nafasi ya kutupa. Ndiye aliyedaka mipira iliyogonga ubao. Mshambuliaji wao hatari alizuiwa mara mbili, kisha akaacha kabisa kuingia chini ya goli. Mtupo ambao haukutupwa nitauandika wapi?

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13. Umahiri wake mkubwa ulikuwa kuzuia, lakini NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyozuiwa msimu wa 1973–74, yeye akiwa ameshastaafu. Msimu wa 1961–62 Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi zaidi ya 50 kwa mchezo, na siku moja akafunga 100. Hata hivyo tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Russell. Wakati huo waliopiga kura ni wachezaji wenyewe.

Najua hoja ya upande wa pili. Mchezo hushindwa kwa pointi. Bila mfungaji, ukuta wetu ungelinda sifuri. Ni kweli. Siku hizi wapo wanaohesabu timu imepata au imepoteza pointi ngapi mchezaji fulani akiwa uwanjani. Kipimo hicho nacho hudanganya: dhaifu akisimama na wanne hodari, atapewa sifa zao. Figa moja haliinjiki chungu, na ni vigumu kusema lipi limebeba uzito zaidi.

Lakini ugumu huo haunipi udhuru. Ningeweza kumwambia mwalimu, "Daftari hili linaandika pointi tu, waulize waliocheza." Sikusema, kwa sababu namba zilinipa jibu la haraka, nami nikaonekana najua.

Muhula uliofuata yule mrefu alianza kutupa kila mpira alioupata, hata kutoka mbali. Aliacha kuwazibia wenzake njia. Tukaanza kufungwa, na mwalimu akamkaripia mbele yetu kwamba amekuwa mbinafsi. Nilikuwa nimekaa benchi, daftari mapajani. Kijana yule hakuwa mbinafsi. Alikuwa amesikia nilichosoma kule Biharamulo, akaelewa kinachohesabiwa.

Sikumtetea. Nikaandika: pointi 9.