Bata Ndani ya Kifuko

Kuna vitu ambavyo heshima yake ni kutumika mpaka viishe. Sabuni ni kimojawapo, na mshumaa, na chaki. Mtu akiweka chaki kabatini miaka arobaini bila kuiandikia, hatuwezi kusema ameitunza. Amehifadhi kijiti cheupe tu. Na kuna vitu ambavyo heshima yake ni kudumu: kaburi la mzee, hati ya shamba, msahafu wa ukoo. Swali langu ni hili: kitabu cha katuni cha watoto, kilichochapwa kwa karatasi duni ili kichekeshe kwa mwezi mmoja kisha kitupwe, kikishazeeka kinahesabiwa upande gani?

Ninauliza kwa sababu ninavyo. Kwenye kasha langu, hapa Ghuba ya Chole, mna vitabu vya katuni za wanyama vipatavyo arobaini. Nilianza kuvinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, kwa wauza vitabu chakavu waliokuwa wakitandaza bidhaa zao kandokando ya mitaa ya Dar es Salaam. Vingi ni vya Marekani: bata aliyevaa shati bila suruali, panya mwenye glavu, sungura anayetafuna karoti huku akiwazidi akili wanaomwinda. Chini yake mna magazeti yetu wenyewe ya hadithi za picha, likiwemo Sani la miaka ya 1980, pamoja na vijitabu vyembamba vya Sungura na Fisi ambavyo majalada yake yamekwisha kudondoka.

Wenzangu hucheka wakisikia kwamba mwalimu mkuu mstaafu anakusanya bata. Lakini sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kucheka. Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, wanyama wasemao walikuwa wamejaa humo. Alikuwemo kima aliyeukwepa mtego wa papa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini, na paa aliyemtajirisha maskini kisha akalipwa kwa dharau. Tumelelewa na wanyama hawa. Tunawavika tabia zetu kwa kuwa ni rahisi kumcheka fisi mlafi kuliko kumcheka mjomba mlafi, na mtoto mwenye akili anafahamu fika kwamba fisi ndiye mjomba.

Bata wa Marekani naye ni mtu. Mchoraji aliyempa utu huo katika vitabu ni Carl Barks, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 2000. Alichora hadithi za bata kuanzia mwaka 1942 hadi alipostaafu mwaka 1966, na mwaka 1947 akamwongeza mjomba tajiri na bahili, Uncle Scrooge. Kwa miaka mingi jina lake halikuonekana hata kwenye ukurasa mmoja. Watoto walimtambua kwa mkono wake tu. Walijua hadithi ya mwezi huu imechorwa na yule mzuri au na mwingine. Katikati ya miaka ya 1950 gazeti moja lililobeba hadithi zake lilikuwa likiuza nakala zinazokaribia milioni 3 kwa mwezi.

Zimekwenda wapi nakala hizo? Hapo ndipo fumbo linapoanza. Zilisomwa chini ya shuka, zikakunjwa, zikabadilishanwa shuleni, zikamwagiwa maziwa, kisha mama akazitupa siku ya kufagia chumba. Nyingine za kabla yake zilikusanywa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipokuwa ikihimiza watu watoe karatasi kuukuu kwa ajili ya vita. Nakala chache zilizobaki zina thamani kwa kuwa zile nyingine zilipendwa hadi kufa. Anayemiliki nakala safi leo anamiliki, kwa namna fulani, furaha ya watoto waliochafua nakala zao.

Sasa biashara imefika hatua nyingine. Tangu mwaka 2000 iko kampuni huko Marekani, Certified Guaranty Company, ambayo hupokea kitabu chako, hukikagua kila pembe, hukipa alama hadi kumi, kisha hukifunga ndani ya kifuko kigumu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Jalada utaliona, lakini kurasa hutazisoma. Ukikifungua kifuko, alama yake haitambuliki tena. Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kumpa mwanafunzi kumi kwa sababu hajafungua kitabu.

Ningeishia kwenye mzaha huo kama jambo lenyewe lisingefika barazani kwangu. Mgeni mmoja aliyekuwa amefikia Utende kwa ajili ya kupiga mbizi alisikia habari za kasha langu, akaomba kuliona. Alivaa miwani, akapekua taratibu kwa adabu, akachagua vitabu viwili vya bata na kutaja bei. Sikuitarajia. Alisema vitapelekwa kukaguliwa na kufungwa, na kwamba huko vitakuwa salama kuliko hapa penye chumvi, unyevu na mende. Mwanangu, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, alininong'oneza, "Baba, hiyo ni ada ya mjukuu wako ya mwaka mzima." Nilimwomba mgeni anipe siku mbili.

Nilizitumia siku hizo kumtetea mgeni, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kuisimamisha hoja yake kwa miguu yake yote miwili. Hoja yake tunaijua vizuri sisi wa ghuba hii. Mwaka 1995 Mafia ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, ya kwanza katika Tanzania, na ndani yake yako maeneo ambayo hayavuliwi kabisa. Wavuvi wengi walinung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo, na sababu wanazo, kwani tumbo halingoji. Lakini mantiki yake haipingiki kirahisi: samaki asiyeguswa huzaa, mayai yakachukuliwa na mkondo, na anayevua nje ya mpaka akafaidi. Kutogusa huku ni kwa ajili ya kula kesho. Kwa nini basi kitabu nacho kisiwe na eneo lake lisilovuliwa?

Jibu nililopata ni kwamba karatasi haizai. Kitabu kilichofungiwa miaka mia kitatoka kikiwa kimoja vilevile. Kinachozaa ni hadithi, na hadithi huzaa kwa kuguswa tu. Yule kima wa mtini hakufungiwa popote. Amepita vinywani mwa mabibi wasio na idadi, kila mmoja akimwongezea neno, na hajazeeka. Ng'ambo ya maji, kisiwani Chole, yako magofu ya mawe yaliyokuwa majumba ya watu wazito, wakati mji ule ulipokuwa makao ya utawala kabla Wajerumani hawajauhamishia Kilindoni. Kuta zile ni nene, lakini mizizi imezipasua. Kila fundi wa chokaa atakwambia kwamba nyumba isiyokaliwa huanguka kabla ya ile inayosuguliwa na watoto kutwa nzima, kwa kuwa penye mtu ufa huonwa mapema na kuzibwa.

Kuna aliyeniuliza swali gumu zaidi: je, hao bata wanastahili kusomwa na watoto wetu? Mwaka 1971, nchini Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart waliandika kitabu kizima wakidai kwamba vikatuni hivi huwafundisha watoto wa nchi maskini kuwaona matajiri kuwa werevu, na wenyeji wa mbali kuwa wajinga wa kupokonywa dhahabu yao. Ni hoja nzito. Mimi ni mwalimu wa zama za Elimu ya Kujitegemea, na nimeona kurasa ambazo watu wa nchi za mbali wamechorwa kwa kebehi isiyosameheka. Lakini angalia: kifuko hakimwokoi mtoto na uongo huo. Uongo uliofungiwa haujibiwi na mtu. Ukurasa mbaya ukisomwa barazani, mtoto akiwa kushoto na mtu mzima kulia, mtoto huuliza, "Babu, mbona hawa wamechorwa hivi?" na hapo somo huanza. Ni heri kitabu kibaya kilichofunguliwa mbele ya mtu mzima kuliko kilichoachwa kiwe siri.

Hata hivyo, aliyenifumbua macho hasa ni Uncle Scrooge mwenyewe. Bata huyo ana ghala lililojaa sarafu, na furaha yake ni kuogelea ndani yake. Anayo pia sarafu ya kwanza aliyowahi kupata kwa jasho, na hiyo haitumii kamwe. Watoto humcheka, na wana haki, kwa kuwa wanaona upesi tusiyoyaona sisi: sarafu isiyonunua kitu ni kipande cha chuma. Basi fikiria kitabu kinachosimulia ubahili wa bata huyo kikifungiwa ndani ya plastiki ili kisitumike kamwe. Msomaji hayupo tena wa kumcheka. Amebaki bata peke yake, na mwenye kitabu amekaa pembeni yake ghalani.

Lipo jambo moja lililobadilisha mpango wa kasha langu. Hadithi za Barks zimechapwa upya mara nyingi na katika lugha nyingi. Nakala yangu ikiliwa na mende leo, hakuna hadithi itakayopotea duniani. Kitakachopotea ni bei. Lakini gazeti la Kiswahili la hadithi za picha la miaka ile, ambalo hakuna mgeni aliyelitajia hata shilingi, lilifungiwa karanga na vitumbua mara tu liliposomwa. Nakala niliyo nayo huenda ikawa miongoni mwa chache zilizosalia. Bei haituambii ni kitu gani kiko hatarini. Hutuambia tu ni kitu gani kina wagombea. Mwenye kutunza asipojua tofauti hiyo atalinda kilicho salama na kukiacha kinachokufa.

Basi nimejiwekea utaratibu, nami nauandika hapa ili warithi wangu waujue. Magazeti ya kwetu ndiyo yaliyopanda juu ya kasha, yamefungwa kwa karatasi safi pamoja na dawa ya nondo, na mjukuu wangu ameyapiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu yake. Anayetaka kuyasoma aje anawe mikono. Vitabu vya bata vimeshushwa chini, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Jioni huja watoto sita au saba, wanasoma, wanagombania, wanauliza maneno. Kimoja kimekwisha kupoteza jalada. Roho iliniuma, sitaficha, lakini nililala.

Mgeni nilimwambia hapana, naye aliondoka kwa heri. Mwanangu hakufurahi, na hakukosea kuniuliza. Nilimjibu kwamba kama mjukuu angekuwa amekosa ada kweli, au yuko mgonjwa kitandani, ningeviuza vitabu vyote kabla ya adhuhuri bila kutoa mhadhara. Binadamu ni wa kwanza, msomaji wa pili, karatasi ya tatu. Lakini ada ilikuwepo, ingawa kwa kubana. Wakati ule kilichokuwa kikigombea na bata wangu hakikuwa haja ya mtoto. Ilikuwa bei tu, na bei peke yake haijatosha kuwa sababu.

Siwalaumu wanaofunga. Pengine yupo mmoja kati yao aliyeanza kama mimi, kwa kucheka, kisha cheko likageuka hofu ya kupoteza. Ninachowaomba ni kwamba, kabla ya kufunga, wajiulize kitu wanachokilinda ni kipi: hadithi, karatasi, au tarakimu iliyoandikwa juu ya kifuko. Kila kimoja kina namna yake ya kutunzwa, na ya hadithi haijabadilika tangu enzi za kima na papa: umwite mtoto, umketishe, umwambie.