Mfuko una jina, mtu hana macho

Swali langu ni dogo lakini limekataa kuniacha tangu mvua za mwaka jana: ukimchora mtu, umempa kitu au umemchukulia kitu?

Jumamosi huwa nakaa na vijana wetu wa kuchora karibu na bandari ya Bujumbura. Ndani hatuingii. Tunakaa nje ya uzio, pale malori yanapopanga foleni na wapagazi wanapopumzika, na hata hapo tunaomba ruhusa kwanza, maana askari akiona mtu na karatasi karibu na bandari anataka kujua unaandika nini. Ana haki yake. Kwa nini bandarini? Kwa sababu kule mwili wa binadamu unaonekana unafanya kazi. Mizigo inatoka Kigoma, inatoka Mpulungu kule Zambia, na mingi, kabla ya kufika kwa mwenyewe, lazima ipite juu ya shingo ya mtu.

Na tena karatasi iko hapohapo. Mfuko wa simenti una karatasi tabaka zaidi ya moja. Ukiupasua na kuukung'uta vizuri, karatasi ya ndani inakuwa ya kahawia, ngumu kidogo, inashika makaa kuliko karatasi nyeupe ya dukani. Nawaambia vijana: rangi ya karatasi ndiyo ngozi, usiijaze. Makaa weka kwenye kivuli, chaki ya shule weka pale mwanga unapogonga, kwenye shavu, kwenye bega, kwenye jasho. Basi. Wengi wanakuja wakidhani mtu mweusi anachorwa kwa kumpaka weusi wote, halafu wanashangaa uso umekufa.

Kingine nawafundisha ni uzito. Mtu aliyesimama bure ana urefu wa kama vichwa saba au saba na nusu, vitabu vinasema hivyo. Mwekee kilo 50 uone. Shingo inapotea, kifua kinaingia, magoti hayanyooki tena. Chora kwanza mstari mmoja kutoka kisogoni mpaka kwenye mguu unaobeba, kabla hujafikiria mikono wala nguo. Ukikosea mstari huo, mtu wako ataanguka, hata umpambe namna gani.

Sasa siku moja nilikuwa nimemchora mzee mmoja hivyohivyo, na nilijua imetoka vizuri. Ukijua, unajua. Akaja akiwa na chupa yake ya maji, akainama, akaangalia kwa muda. Halafu akasema:

"We kijana, mfuko umeupa jina. Mimi mbona hukunipa macho?"

Nikaangalia. Kweli. Maandishi ya mfuko nilikuwa nimeyaandika yote, herufi kwa herufi, mpaka ule uzi wa mshono. Uso wake ulikuwa kivuli cha makaa.

Ningeweza kujitetea. Aliyebeba mzigo hutazama chini, macho hayaonekani, nilichora nilichokiona. Nilimwambia hivyo na hakubishana, alikunywa maji yake akaenda. Lakini usiku nilijiuliza vizuri zaidi. Mfuko niliuchora kwa sababu nilijua wageni watakaoangalia wanapenda nini. Picha ya mgongo uliopinda inaeleweka haraka. Mtu asiye na macho anaweza kuwa mkimbizi yeyote, mpagazi yeyote, Mwafrika yeyote, na anayeangalia anaweza kumwonea huruma bila kukutana naye. Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa wasinielewe vibaya: simsemi mtu, najisema mimi niliyeshika makaa.

Kuna mama mmoja wa Ujerumani, Käthe Kollwitz, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa 1945. Mume wake alikuwa daktari wa watu maskini mjini Berlin, na yeye alichora wafanyakazi na wanawake zao karibu maisha yake yote. Watu walidhani alianza kwa huruma. Mwenyewe alieleza kwamba hapana, mwanzoni aliwachora kwa sababu aliwaona ni wazuri. Huruma ilikuja baadaye, alipoyajua maisha yao. Hilo liliniuma kidogo. Mimi nilianza na huruma, na uzuri wa yule mzee sikuwa nimeutafuta kabisa.

Halafu kuna mtu wa kwetu zaidi, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1947. Alipaka rangi kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, kwa hiyo tusijione sisi wa kwanza na mifuko yetu. Mwaka 1973 na 1974 alitengeneza picha zaidi ya 100 za historia ya Kongo kwa ajili ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, na mazungumzo yao juu ya picha hizo waliyafanya kwa Kiswahili. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Miaka ya 1980 ilipoanza habari zake zikakatika, hakuonekana tena.

Wachoraji wa kule walikuwa na picha moja iliyonunuliwa sana, iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, mkubwa wa kizungu anaangalia. Na wanunuzi ni nani? Wakongomani wenyewe, waliitundika sebuleni, juu ya viti wanapokaribisha wageni. Picha za namna hiyo waliziita ukumbusho. Nimefikiria sana jambo hili. Maumivu yaleyale, mgongo uleule, lakini mwenye mgongo ndiye amelipa na ndiye amechagua ukuta. Je, hiyo inabadilisha kila kitu? Nadhani inabadilisha mengi, ingawa yule mfungwa wa kwenye picha hakuna aliyemwuliza.

Nilipowaambia vijana kwamba kuanzia sasa kila mtu aulizwe anataka kuchorwa vipi, msichana mmoja wa kundi letu alikataa palepale. Alisema: "Yaya, wote watataka shati la Jumapili. Tukiwachora wote na shati la Jumapili, nani atajua kwamba mgongo unauma?" Sikuwa na jibu. Na ni kweli, yule mzee nilipomwuliza alitaka hivyohivyo, shati jeupe, amekaa kwenye kiti. Nilimchora nikampelekea nyumbani. Aliipenda, ila alisema pua ni ya mdogo wake.

Lakini mambo hayakuishia kwenye shati. Wiki iliyofuata nilirudi bandarini, na safari hii nilikaa chini kwenye vumbi kabisa, si juu ya ndoo kama kawaida yangu. Kumbe ukikaa chini, mtu aliyebeba mfuko akipita unamwona macho. Yapo. Yanatafuta pa kuweka mguu, yanahesabu hatua, yanamwangalia wa mbele asisimame ghafla. Hayaombi kitu. Nilichora haraka, bila kuinua mkono, karatasi nne nikaziharibu, ya tano ikakubali.

Nilimwonyesha. Aliishika kwa vidole viwili ili makaa yasifutike, akanyamaza. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

Ile ya kwanza, isiyo na macho, nilikuwa nimeshaiuza. Ofisi moja iliitaka kwa ajili ya ukuta wake, wakanilipa, nikanunua viatu na daftari za vijana, na kila nilipokutana na mzee nilikuwa naongea habari nyingine. Nikamwambia yote. Akauliza walinilipa ngapi. Nikamtajia.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza. Nikaelewa kwamba anaigeuza ile pesa kuwa mifuko. Alimaliza mkono wa kushoto, akaingia wa kulia, akarudi tena wa kushoto. Lori likapiga honi. Aliniachia karatasi, akafunga kitambaa chake shingoni, akaenda kupanga foleni.