Ukienda kwa Wenye Chongo: Je, Msimbo Uliohamishwa ni Ule Ule?

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii inasifu kujirekebisha, lakini haituambii mgeni ajirekebishe hadi wapi. Swali hilo linamkabili kila mwanaprogramu anayehamisha keneli, yaani kipande cha msimbo kinachotekelezwa ndani ya GPU, kutoka prosesa ya kampuni moja kwenda ya nyingine. Ni nini kinachoruhusiwa kubadilika, na ni nini kisichoruhusiwa?

Tuchukue mfano. GPU za NVIDIA huendesha nyuzi za hesabu kwa vikosi vya 32. Prosesa za AMD za familia ya CDNA, kama zilizomo katika kompyuta kubwa ya Frontier nchini Marekani, hutumia vikosi vya 64. AMD hutoa zana inayobadilisha majina ya CUDA kuwa ya HIP: cudaMalloc inakuwa hipMalloc. Hiyo ni kama tafsiri ya neno kwa neno. Sasa fikiria keneli inayojumlisha namba za kikosi kwa kuruka hatua za 16, 8, 4, 2 na 1. Katika kikosi cha nyuzi 32, uzi wa kwanza unaishia na jumla yote. Katika kikosi cha 64 unaishia na jumla ya namba 32 tu, kwa kuwa hatua ya 32 haikuwahi kuandikwa. Programu ikisoma jibu la uzi wa kwanza peke yake, nusu ya namba imepotea. Hakuna onyo lolote kwenye skrini. Kila neno limetafsiriwa sawasawa, lakini maana haikufika.

Mtu anaweza kudai kwamba msimbo ni ule ule pale tu majibu yanapolingana hadi tarakimu ya mwisho. Dai hilo nalo halisimami. Katika kompyuta, mpangilio wa kujumlisha huathiri jibu. Kwa namba za desimali za biti 64, (0.1 + 0.2) + 0.3 hutoa 0.6000000000000001, ilhali 0.1 + (0.2 + 0.3) hutoa 0.6. Mashine mbili zinazojumlisha kwa mpangilio tofauti zinaweza kutofautiana kidogo bila yeyote kukosea.

Kwa maoni yangu, msimbo hutambulishwa na ahadi yake: namba zote zitajumlishwa, na kosa halitazidi kiasi fulani. Njia ya kutimiza ahadi hiyo inaweza kubadilika kadiri mashine inavyodai. Kwa hiyo mhamishaji ana wajibu wa kuijua ahadi, kuiandika, na kuipima kwenye mashine mpya kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Moja 64 zikijumlishwa lazima zitoe 64. Zikitoa 32, msimbo umesema uongo, hata kama umekwenda kasi.

Wapo watakaopinga: anayetoa msimbo wake bure hadaiwi. Ni kweli kwamba hadaiwi kazi zaidi. Hata hivyo, anadaiwa ukweli. Wengi wetu wanafunzi hatuchagui mashine. Tunatumia iliyopo, na tunaamini tulichopewa kwa sababu kosa la namna hii halionekani kwa macho. Jibu lililopungua nusu linaweza kuingia katika utabiri wa mvua au kipimo cha dawa bila mtu kushtuka. Sentensi moja, "nimeujaribu kwenye vikosi vya 32 tu," haimgharimu mwandishi chochote, na inamwokoa atakayefuata.

Basi mgeni na avunje jicho lake ikiwa hapana budi. Lakini asimshike mwenzake mkono na kumvusha barabara bila kumwambia kwamba upande mmoja haoni.