Yaliyo Chini ya Mpira

Je, mtu anyamazaye juu ya kasoro ya kitu anachokiuza amesema uongo, au hakusema lolote? Swali hili ni la kale, na wenye hekima wamelijadili kwa mifano ya nyumba, ya nafaka na ya wanyama. Hapa litatazamwa kwa mfano wa kitu kidogo, ambacho hapana shaka wanafalsafa wachache wamepata kukishika mkononi, nacho ni utepe wa mpira uzungukao paa la gari la kulala.

Gari lenyewe ni la namna ijulikanayo sana Ujerumani na Uingereza. Kampuni ya Volkswagen ilianza kuunda gari lake la abiria na mizigo, lenye umbo kama la mkate, mwaka 1950. Na mwaka uliofuata karakana ya Westfalia, katika mji wa Wiedenbrück, ikaanza kulitengenezea vitanda, makabati na meza, ili jamaa ya watu iweze kusafiri na kulala humo. Walakini mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani yake. Dawa iliyopatikana baadaye ilikuwa kukata bati la paa, kuacha tundu kubwa, na kuweka juu yake kifuniko chepesi, aghalabu cha faibaglasi, chenye bawaba upande mmoja na turubai pembeni. Jioni kifuniko husukumwa juu, na nafasi ya kusimama hupatikana pamoja na kitanda cha pili. Asubuhi huteremshwa, safari ikaendelea. Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kuona ndugu zake: magari ya watalii yatokayo Nairobi na Arusha kwenda Maasai Mara na Serengeti yana mapaa ya kunyanyuliwa, ingawa huko watu husimama kutazama simba wala hawalali, na vumbi huwasumbua kuliko mvua. Ulaya ya kaskazini adui ni mvua.

Kifuniko kinapokutana na mwili wa gari ndipo ulipo mpira. Paa la nyumba hufungwa mara moja na fundi wake, likaachwa. Paa hili hufunguliwa na kufungwa miaka nenda miaka rudi, na kila mara mpira hubanwa na kuachiliwa. Mpira wa asili hupasuka kwa jua na kwa ozoni iliyomo hewani, kwa hiyo siku hizi hutumika mpira wa viwandani uitwao EPDM, ambao hustahimili yote mawili, lakini huvimba na kulegea ukipakwa grisi itokanayo na petroli. Nao pia huzeeka. Hukakamaa, ukabaki umelala bapa hata kifuniko kikiinuliwa, kama godoro lililolaliwa na watu wengi. Hapo maji hupata njia. Na njia ya maji haihitaji kuwa pana. Mwanya mwembamba huyavuta wenyewe, na gari likienda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa upepo huyasukuma. Pengine mwenye gari ndiye huyakaribisha, aliposhusha paa kwa haraka akaacha pindo la turubai limebanwa juu ya mpira. Kitambaa hicho huyanywa maji ya mvua kwa nje na kuyatoa kwa ndani, kama utambi unywavyo mafuta.

Kinachofuata hakionekani kwa muda mrefu. Chini ya mpira upo ukingo wa bati, na ukingo uliokatwa ndio dhaifu kuliko sehemu zote za bati. Kutu ikianza hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo huvimba, huinua rangi, huinua na mpira wenyewe, maji yakazidi kuingia. Mbao za dari hunywa unyevu na kuota kuvu. Mwenye gari huona doa la kahawia juu ya kitanda cha mtoto, akafikiri ni doa tu.

Siku ya kubadili mpira ndiyo siku ambayo mambo hayo hufunuliwa. Fundi huung'oa mpira wa zamani, aghalabu vipande vipande, kisha hukwangua gundi iliyosalia, hufuta ukingo kwa spiriti, na hapo bati hubaki uchi mbele yake. Likiwa na kutu hupigwa msasa hata chuma kionekane. Likiwa limetoboka hukatwa na kuungwa jipya. Kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu, ikaachwa ikauke. Ndipo mpira mpya huwekwa, nao hauvutwi hata kidogo, kwa kuwa mpira uliovutwa hurudi katika urefu wake baadaye na kuacha pengo. Bora uachwe mrefu kidogo, usukumwe taratibu kuzunguka pembe, na kiungo chake kielekezwe nyuma ya gari mahali upepo usipopiga. Kubandika ni kazi ya alasiri moja. Kazi ya kuandaa mahali pa kubandika yaweza kula siku kadhaa, na ikiisha haionekani tena na mtu yeyote. Mafundi wa majahazi wa pwani huielewa tofauti hiyo: mwenye kukalafati hashindilii pamba mpya juu ya pamba iliyooza, bali huichokoa kwanza ile ya zamani mpaka aone mbao. Chombo chao, hata hivyo, hujaribiwa baharini upesi, na mwenye kukalafati vibaya hujulikana. Paa la gari husubiri miaka.

Ipo na njia fupi. Mtu hununua mrija wa silikoni, akapaka juu ya mpira uliochoka, akalainisha kwa kidole. Kwa macho kazi ni safi. Lakini baadhi ya silikoni, zile zenye harufu ya siki, hutoa asidi zinapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Tena rangi na gundi hazishiki mahali palipopakwa silikoni, hata fundi wa pili akija hana budi kutaabika kuikwangua yote kabla hajaanza. Tiba hii humdhuru mgonjwa, na pia humfungia mlango tabibu ajaye. Njia nyingine ni ya werevu zaidi, nayo ni kununua mpira mpya, wa bei halali, na kuubandika juu ya kutu. Hii ndiyo inayostahili kufikiriwa, maana mwenye kuitenda husema kweli tupu anapotamka, "Mpira ni mpya."

Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza habari za mtu auzaye nyumba yenye ila nyingi: haina afya, vyumbani hutokea nyoka, mbao zake ni mbovu, wala hapana ajuaye illa mwenyewe. Anawaweka wanafalsafa wawili kubishana. Diogenes wa Babeli, ambaye si yule aliyeishi ndani ya mtungi, asema kutotaja jambo ni mbali na kulificha; mnunuzi hakulazimishwa, naye ana macho. Mwanafunzi wake Antipater asema kumwacha mtu aanguke katika hasara kwa kutojua ni kubaya kuliko kumnyima njia aliyepotea. Cicero aliamua kwamba muuzaji alipaswa kusema.

Mabishano hayo ni mazuri, lakini hoja ya Diogenes haina pa kusimama juu ya paa la gari. Nyumba ya mfano wake ilikaa kimya na ubovu wake. Mpira mpya haukai kimya. Ung'aao mweusi kuzunguka paa humwambia mnunuzi kwamba mahali hapa palifunguliwa, palionwa, pakatengenezwa. Mkono wa fundi umesema neno ambalo kinywa cha muuzaji hakikuhitaji kulisema, na neno hilo ni la uongo. Katika mapokeo ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani huyajua vema, Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na maji. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu, watu wapate kuiona. Mvua haikuwa kosa lake. Mpangilio wa rundo ulikuwa wake.

Haki na itendeke kwa fundi vilevile. Mara nyingi mwenye gari humwambia, "Weka mpira tu, mengine usiyaguse," na humlipa fedha za mpira tu. Fundi aonyeshaye kutu kwa kidole, akaambiwa afunike, ametimiza sehemu yake. Tangu hapo mzigo ni wa aliyesikia. Ni vigumu kumtaka mtu mwenye watoto akatae kazi kwa ajili ya mnunuzi ambaye hajazaliwa katika mawazo ya mtu yeyote. Lakini kuonyesha kwa kidole hakugharimu kitu, na asiyefanya hata hilo hawezi kuutaja umaskini wake.

Yupo mtu mgumu kuhukumiwa kuliko hawa wote. Huyu hajaona kutu. Aliuvua mpira wa zamani jioni, taa ikiwa hafifu, akahisi kwa kidole ugumu fulani chini ya gundi, asikwangue. Akabandika mpira mpya. Akiulizwa kama bati ni zima, hujibu kwamba hajui lolote baya, na jibu lake ni la kweli. Sheria itapata taabu kumshika, maana sheria hutafuta ujuzi, naye hana. Lakini kutojua kwake hakufanani na kutojua kwa mnunuzi. Mnunuzi hajui kwa sababu mlango umefungwa. Huyu hajui kwa sababu alikuwa mlangoni na kuufunga mwenyewe. Kipimo cha kumjua ni chepesi: je, yuko tayari kusema wazi, "Nimebadili mpira, wala sikutazama chini yake"? Maneno hayo hayamwaibishi mtu yeyote, illa hupunguza bei. Na kama bei ndiyo inayomzuia, basi alijua vya kutosha kiasi cha kuogopa.

Kwa sababu hiyo wanunuzi wazoefu wa magari haya hawafurahi upesi waonapo mpira mpya. Huuliza ulibandikwa juu ya nini. Muuzaji aliyefanya kazi kwa uangalifu huleta picha alizopiga bati likiwa wazi, baada ya msasa na kabla ya rangi, kutu yote ikionekana.